Haya, somo na darasa la uzazi ughaibuni

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni mkaazi wa Majengo, Mombasa. Binti wa ami yangu alizaliwa Barawa, wakakimbilia kwetu wakati wa vita akiwa mdogo. Kambi ya Utange ilipofungwa wakapelekwa Kakuma, na sasa amehamishiwa Marekani na mume na watoto. Zahanati ya huko inawaita wanawake kila Jumamosi kwa darasa la afya ya uzazi: hedhi, kupanga uzazi, kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Mavyaa wake anamkataza, asema ni kuvunja haya, tena wafundishao ni makafiri. Kiingereza hajui, hospitali huenda na mwanawe wa miaka 11 amfasirie. Isitoshe, alichomwa sindano ya uzazi na tangu hapo damu humtoka matone matone, hajui aswali au asiswali. Je, aende darasani?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Aende. Na wewe ndiye umpigie simu huyo mavyaa, maana wa zahanati hatawasikiza.

Asma binti Shakal alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza mwanamke aoge vipi akitoka hedhini. Mtume akamweleza, kisha akasema achukue kitambaa kilichotiwa miski ajitwaharishe nacho. Asma hakuelewa: nijitwaharishe vipi? Mtume akasema, "Subhanallah! Jitwaharishe." Hapo Bibi Aisha akamnong'oneza kwamba afuatishe mahali palipopita damu. Katika hadithi hiyo, iliyopokewa na Imamu Muslim, Bibi Aisha asema wanawake bora ni wa Kiansari, haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Tazama ilivyokwenda: Mtume alikomea kwenye neno la staha, yaliyobaki akayamaliza mwanamke mwenziwe sikioni.

Kazi hiyo sisi watu wa pwani tuna jina lake. Msichana akivunja ungo, mamake hakumfundisha mwenyewe. Alimkabidhi kwa somo, mtu mzima wa kuaminika, akamwonyesha namna ya kujifunga sodo, kuoga janaba, na mwisho akaketi naye siku za harusi. Muulize mavyaa somo wake alikuwa nani, atakutajia jina kabla hujamaliza kuuliza. Sasa huyu binti wa ami yako, aliyelelewa kambi hii akahamia ile, somo alimpata wapi? Wa kwao walitawanyika, wengine wamekufa. Hilo darasa la Jumamosi linafanya kazi iliyokosa mwenyewe.

Ama ukafiri wa mwalimu, Mtume alipohama Makka aliyemkodi kumwonyesha njia ni Abdallah bin Urayqit, naye wakati huo hakuwa Mwislamu. Alijua njia, basi. Mkunga anajua mwili. Ya kuoga na kuswali ndiyo aulize wanavyuoni.

Kupanga uzazi kwa njia ya muda, wenyewe wawili wakiridhiana na pasiwe na madhara, kunajuzu. Sahaba Jabir alisema walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, na Qur'ani ikiteremka, na Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanavyuoni wa nchi za Kiislamu, ilipokutana Kuwait 1988 iliamua hivyo, ikakataza kufunga kizazi moja kwa moja isipokuwa kwa dharura. Kwa hiyo asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha yake, isije ikawa ya kufunga kizazi. Kipimo cha saratani nacho akifanye, maradhi haya huchukua miaka kabla ya kuwa saratani na yakiwahiwa hutibika. Aombe daktari wa kike. Akikosekana, wa kiume kwa haja, asiachwe naye faraghani, na pasifunuliwe zaidi ya panapohitajika.

Linalonisumbua mimi ni huyo mtoto. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur, aya ya 58, ameamrisha hata watoto wasiobaleghe wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri mnapovua nguo, na baada ya isha. Mlango wa chumba tu! Kisha sisi tumpe mvulana wa miaka 11 afasiri damu ya mamake mbele ya daktari? Huko ndiko haya inakovunjika, na mavyaa hajaona. Sheria ya Marekani inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimtafutie mgonjwa mkalimani bila malipo. Akipanga siku ya kuonana na daktari aseme mapema kwamba anataka mkalimani wa Kiswahili, na awe mwanamke.

Sasa damu. Kutokwa matone ni jambo la kawaida kwa sindano hiyo, hasa miezi ya mwanzo, lakini amwambie muuguzi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, damu ikijumlishwa isipofika saa 24, si hedhi, aswali. Ikifika, na isipindukie siku 15 tangu ilipoanza, ni hedhi, pamoja na mapumziko ya katikati. Ikipindukia 15, imeingia istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi: kama damu yote ni rangi moja, zile siku zake alizozizoea kabla ya sindano ndizo hedhi; zikiisha aoge, na zilizobaki ajifunge vizuri, atawadhe kila wakati wa sala ya faradhi unapoingia, aswali. Atundike kalenda ukutani, aandike kila siku kama imetoka na rangi yake. Baada ya mwezi nitumie picha ya kalenda hiyo, nimhesabie sala za kulipa kama zipo.

Wallahu aalam.