Kabla Hujatuma Biti, Jina Lako Liandikwe

Vijana kadhaa wameniuliza wanunue laptopu gani ili wawe maprodyuza wa reggaeton, ule muziki wa kucheza uliokulia Puerto Rico. Jibu ni fupi: hiyo hiyo uliyonayo. Laptopu haijawahi kunikosesha hela. Kilichonikosesha ni mdomo wangu kuwa mzito pale nilipotakiwa kuuliza swali moja: nani anaandikwa, na fungu lake ni lipi?

Kazi nilijifunzia Orlando, Florida, jikoni. Nilikuwa naosha vyombo hotelini zamu ya usiku, na wenzangu wengi walikuwa Wapuerto Rico. Usiku mmoja nikamsikilizisha mzee mmoja wa Bayamón, mji wa Puerto Rico, biti niliyoihangaikia wiki nzima. Akavua glavu, akapindua sufuria. Mkono wa kushoto ukapiga mapigo manne yanayolingana, wa kulia ukawa unachomekea. Gawanya kipimo kimoja vipande 16: ngoma nzito inakaa 1, 5, 9 na 13, snea, ile ngoma ya mlio mkali, inakaa 4, 7, 12 na 15. Mimi snea nilikuwa nimeiweka 5 na 13, kihip-hop kabisa. Kumbe ndiyo maana hakuna aliyetikisa hata bega.

Jikoni si mahali pabaya pa kuanzia. Francisco Saldaña na Víctor Cabrera, wale Luny Tunes wenye asili ya Jamhuri ya Dominika, walifanya kazi kwenye bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Harvard kabla ya kuhamia Puerto Rico. Mwaka 2003 wakatoa albamu ya Mas Flow, na 2004 ikaja Gasolina ya Daddy Yankee waliyoitengeneza wao. Sikiliza kazi zao za wakati ule: jina lao linatajwa humo humo ndani ya wimbo. Usidhani ni majigambo tu.

Mimi sikutaja langu. Nilimtumia mwimbaji mmoja biti nzima kwa WhatsApp, akanipa dola 150, mengine "tutaongea." Baada ya miezi mitatu naisikia inalia kwenye gari la mtu, na aliyeandikwa prodyuza ni mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu lilikuwa meseji mbili na emoji ya moto.

Hata mdundo wenyewe una kesi. Mjamaika Clevie na warithi wa mwenzake marehemu Steely walifungua madai Marekani mwaka 2021, wakisema mdundo wa reggaeton umetokana na Fish Market, kazi ya wawili hao ya 1989. Najua Jamaika kuazimana midundo ni jadi, lakini nawaelewa.

Siku hizi, kabla sijatuma chochote, tunaandika majina, tarehe na mgawo wa kila mtu. Na utunzi na rekodi ni mifuko miwili tofauti. Aliyetengeneza biti kwa kawaida ni mtunzi mwenza, kwa hiyo kwa Marekani ajisajili ASCAP au BMI, vyama vinavyowakusanyia watunzi mirabaha. Fungu la rekodi mnakubaliana peke yake. Anayeonja anapewa biti ambayo jina langu linatajwa humo ndani. Faili za kila ala zinatoka hela ikishaingia.

Juzi mwimbaji mmoja wa Kissimmee, mji jirani na Orlando, akalalamika kwamba karatasi zinaua mzuka. Nikamwambia sawa, aende na mzuka wake, biti ibaki kwangu. Jumanne akarudi na kalamu.