Je, samaki-jiwe humvizia binadamu?

SWALI: Ndugu Mhariri, shangazi yangu huenda mwambani kutafuta pweza kila bamvua. Juzi alikanyaga kitu alichodhani ni jiwe, akachomwa wayo, na maumivu yalikuwa makali hata ikabidi abebwe hadi nyumbani. Majirani wanasema ni samaki anayevizia watu. Je, ni kweli?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Mpe shangazi pole zetu. Kwa maelezo yako, yaelekea alimkanyaga samaki-jiwe, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Synanceia verrucosa. Kuvizia anavizia kweli, ila si watu. Hujichimbia mchangani kwa mapezi yake mapana ya ubavuni, akatulia huku mwani ukimwotea juu ya ngozi yenye vinundu na mdomo ukiwa umeelekea juu. Samaki mdogo au kamba akipita karibu, hukipanua kinywa ghafla na kumfyonza pamoja na maji, upesi kuliko kufumba na kufumbua. Katika uwindaji huo sumu haitumiki hata kidogo.

Sumu ni ya kujilinda, na imo katika miiba 13 ya pezi la mgongoni, kila mwiba ukiwa na vifuko viwili. Anayekanyaga ndiye anayevibana vifuko hivyo kwa uzito wake, sumu ikapanda kwenye vijifereji vya mwiba hadi ndani ya nyama, kwa hiyo kadiri mtu anavyokanyaga kwa nguvu ndivyo anavyojidunga zaidi.

Aliyechomwa atolewe majini, kisha mguu utumbukizwe katika maji ya moto yanayovumilika, yapata nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, kwani joto hupunguza maumivu. Maji hayo apime mtu mwingine kwa mkono wake, maana mwenye maumivu hatambui anapoungua. Jeraha lisichanjwe wala mguu usifungwe kamba, na hospitali ni lazima, hata maumivu yakitulia. Dawa mahususi ya sumu hii ipo, nayo imekuwa ikitengenezwa Australia tangu 1959.

Shangazi akipona na kurudi mwambani, avae viatu vya soli nene, kwa kuwa kandambili hutobolewa. Asitegemee kuburuza miguu kama afanyavyo kumfukuza taa: taa akisikia mchanga unatikisika hukimbia, lakini huyu hubaki pale pale alipolala.