Ukitaka Kuisimulia Iringa, Anzia Mtoni

Juzi usiku dada mmoja wa Mafinga aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimemaliza chuo, kazi sijapata, nataka nianze kutembeza wageni Iringa kama wewe. Nisome nini kwanza?" Nikaanza kumjibu palepale kwenye simu, ujumbe ukarefuka, nikaona heri niuweke hapa. Najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo ya kusimama mbele ya watu na kuueleza mji wenu mpaka wasahau kuangalia simu zao.

Mdogo wangu, usianze na kusoma. Shuka mtoni. Mengine yote nitakayosema yanarudi hapohapo.

Mimi nilianza na kusoma, tena nilikariri kama mtoto wa madrasa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, yalikivizia kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski, yule waliyembatiza Nyundo, na Nyundo mwenyewe akafia hapo. Tarehe 30 Oktoba 1894 gavana wa Kijerumani, von Schele, akaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa. Mwaka 1896 Tom von Prince akaweka ngome ya Kijerumani juu mlimani. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi Mlambalasi, hakutaka kukamatwa. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likarudi 1954. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani kwa mpangilio, na niliamini kuwa kazi ndiyo hiyo.

Siku iliyonivunja nilikuwa na wageni tisa kutoka Dar. Kampuni moja ndiyo iliyonipa, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulipwa. Nikawapandisha Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Ukisimama pale juu mji wote uko miguuni pako. Nikamwaga tarehe zangu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyevaa kofia ya kufuma akaniuliza kwa upole: "Kijana, huyu Mkwawa alikuwa mtu wa vita. Kwa nini ngome yake aliijenga kule bondeni, na Mjerumani akaja kukaa huku juu?"

Sikujua. Badala ya kusema sijui, nikajibu kwamba Mkwawa hakufahamu nguvu ya mizinga. Nilisema kwa sauti kubwa. Mzee akanitazama kidogo, akasema, "Hapo umebuni." Watu wote wakasikia. Kesho yake kampuni ikanitumia ujumbe wa neno moja: "Tutakutafuta." Mpaka leo hawajanitafuta. Nimewaona mara mbili mjini wakiwa na wageni, na mara zote mbili nilivuka barabara. Sitaki kudanganya, bado inaniuma.

Wiki ile nilikwenda Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini. Makumbusho nilikuwa nayajua, nikayapita, nikateremka hadi mto Ruaha Mdogo. Ilikuwa Oktoba. Kama unaijua Iringa unajua Oktoba ilivyo: nyasi zimekauka, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Lakini kule chini kulikuwa na kijani. Mahindi mabichi, maharage, mboga, yote kwenye matuta marefu kandokando ya maji. Hivyo ndivyo vinyungu, na mimi mtu wa hapahapa nilikuwa nimeishi miaka yote bila kukanyaga hata kimoja.

Kulikuwa na mama mtu mzima anainua tuta kwa jembe. "Kamwene, mama." Akaitikia, akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza swali la yule mzee. Hakujibu. Aliinama, akachota udongo mweusi, akaufinya ngumini mbele yangu. Maji yakachuruzika kati ya vidole vyake, wakati tangu Mei hakujanyesha. Akasema, "Huko juu mnasubiri mvua. Sisi huku hatusubiri." Kisha akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia Iringa. Akacheka. "Iringa ni hapa, mwanangu. Ninyi mlipanda na jina tu."

Nilikaa kwenye lile tuta mpaka jua likashuka.

Na alisema kweli. Lilinga kwa Kihehe ni ngome, na ngome yenyewe ilikuwa Kalenga. Wajerumani wenyewe waliita Kalenga Iringa ya zamani, na makao yao ya mlimani wakayaita Iringa mpya. Baadaye neno "mpya" likadondoka, jina likabaki juu na bonde likasahauliwa. Sasa litazame lile swali upya. Nyanda zetu zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Mwenye jeshi kubwa na watu wengi wa kulisha atakaa wapi miezi mingine yote? Atakaa mahali ardhi inapobana maji. Mjerumani alikuwa na shida nyingine. Alikuwa bado anaikumbuka Lugalo, alitaka kumwona adui kabla adui hajamwona. Hayo ya mwisho ni maoni yangu, na ninayasimamia.

Ukishalielewa bonde, mji wote unafunguka. Isimila, kwenye barabara ya Mbeya, zana za mawe za watu wa kale zimejaa mahali palipokuwa na maji. Mji wa leo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya bomba unayooga asubuhi ukitetemeka yanasukumwa na mashine kutoka Ruaha Mdogo huko chini. Tumehamia juu, lakini bado tunakunywa bondeni. Mto huohuo unaungana na Ruaha Mkuu, unaingia bwawa la Mtera, unashuka bwawa la Kidatu, unakuwa umeme wa watu ambao hawajawahi hata kuisikia Kalenga.

Miaka mitatu iliyofuata naiacha. Nilitembea sana na nilipata kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na walimu kumi na mmoja kutoka Songea. Sikuwapeleka Gangilonga kwanza. Niliwakutanisha darajani Ipogolo alfajiri, ukungu bado umelala juu ya maji, nikawapandisha mjini kwa miguu. Tukapita Miyomboni, nikawaonyesha kuwa jina bado lina miti ya miyombo ndani yake. Kitanzini nikawaambia kitanzi kilikuwa cha nani na kilimning'iniza nani, wakanyamaza wote. Mchana tukashuka Kalenga. Hapo ndipo nilipowasimulia fuvu, jinsi lilivyoandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado likachukua miaka 35 kufika, likakabidhiwa kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mwalimu mmoja wa historia, mwanamke wa makamo, aliniambia amefundisha Lugalo miaka kumi na sita na hajawahi kuiona sura ya nchi yenyewe. Alilia kidogo. Najivunia siku ile na sifichi.

Kwa hiyo nawaambia vijana wenzangu, acheni kunakili mtandaoni. Wote mnasema maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, mpaka na makosa ni yaleyale. Mgeni ameshayasoma kwenye basi. Kitu ambacho hana ni miguu yako na masikio yako. Tembea. Uliza wanaolima. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, kisha nenda ukalitafute wiki hiyohiyo. Rudi mtoni kiangazi, rudi masika, maana bonde la Oktoba na bonde la Machi ni vitu viwili. Tarehe utazisoma usiku, zinasubiri.

Dada wa Mafinga, basi litakushusha stendi ya Igumbilo. Usichukue bajaji ya kupanda mjini. Nipigie, nitakufuata pale daraja la Ipogolo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tutaanza na vinyungu. Njoo na sweta, na viatu ambavyo huvionei huruma.