Mgomba Huu Baba Yake Nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa napanda chipukizi la mgomba, mwanangu wa miaka 9 akaniuliza, "Mama, baba yake huyu ni nani?" Nilikosa jibu. Kweli kiumbe huzaliwa bila baba? Na kama inawezekana, mbona sisi tunahitaji wazazi wawili?
Mama Mdadisi

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie hana baba. Hata huyo mama yake si mama hasa, ni mgomba uleule umejitokeza upya. Seli za shina lililo chini ya udongo zimegawanyika, kila moja ikinakili kromosomu zilezile, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba sifa za urithi. Ndizi za kula hazina mbegu, kwa hiyo mkulima hupanda machipukizi.

Mwanao ni habari nyingine. Ana kromosomu 46: 23 zako, 23 za baba yake. Yai lako lilichukua moja tu katika kila jozi, na kwa njia hiyo peke yake mayai yako yangeweza kupata michanganyiko zaidi ya milioni 8. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hupishana sura na afya.

Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kuwaonyesha wanafunzi vidukari, wale wadudu wanaofyonza utomvu. Jike huzaa majike bila dume, tena binti huzaliwa akiwa na mimba tayari! Darasa zima lilikuwa likigombania lenzi. Lakini kwenye nchi za baridi kali, siku zikianza kuwa fupi, huzaliwa madume pia. Hapo hupandana, na jike hutaga mayai yanayostahimili baridi. Mdudu mmoja, njia zote mbili.

Kunakili ni haraka, ila ugonjwa unaomuua mmoja unawaua wote. Ndizi ya Gros Michel ilitawala biashara ya dunia mpaka kuvu wa udongoni alipoyamaliza mashamba yake, na kufikia miaka ya 1960 nafasi yake ikachukuliwa na ndizi aina ya Cavendish. Nayo ni nakala tupu. Sasa aina nyingine ya kuvu huyo inaiua. Mwaka 2019 ilithibitishwa kufika Kolombia, na habari hiyo iliniuma.

Watafiti wamerudi kwenye migomba pori, ambayo bado ina mbegu. Wanachukua chavua yake, ule unga wa mbegu za kiume za ua, na kuipaka kwa mkono kwenye maua ya migomba mingine, kisha wanatafuta mbegu chache zitakazopatikana. Miche inayoota humo, mwambie mwanao, ina baba.