Riba 10 na riba 16: jibu kutoka kwa aliyekaa dawati la mikopo

Mkuu, umesema benki moja inakupa mkopo wa mwaka kwa riba ya asilimia 10 na nyingine kwa asilimia 16, na karibu kila aliyetangulia amekuambia ukimbilie ya 10 kwa sababu hesabu haidanganyi. Ni kweli haidanganyi, ila hakuna aliyeipiga.

Nilikaa dawati la mikopo miaka sita. Swali la kwanza ambalo wateja wachache mno waliniuliza ni hili: hiyo asilimia inapigwa juu ya nini?

Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, kwa sarafu yoyote unayotumia. Kama ile 10 inapigwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, riba ni 120,000, na kila mwezi unarejesha 110,000. Mwezi wa kumi na moja deni limebaki dogo, lakini bado unatozwa kana kwamba milioni na laki mbili zote ziko mfukoni mwako. Kama ile 16 inapigwa juu ya deni lililobaki tu, rejesho ni kama 108,900 kwa mwezi na riba yote haifiki 107,000. Umeona? Ile 10, ukiigeuza ihesabiwe kwa deni linalopungua, inakaribia asilimia 18. Wote wawili wamekutajia riba, ila kila mmoja ana kipimo chake.

Tofauti inauma zaidi ukitaka kumaliza mapema. Namkumbuka mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na bahasha yake mwezi wa sita wa mkopo ameshapata kiinua mgongo, anataka kufuta deni. Mkopo wake ulikuwa wa ile riba ya mkopo wote, na mkataba ulisema riba yote inadaiwa hata ukimaliza mapema. Kwa mfano wetu angedaiwa 660,000 taslimu, wakati kwa deni linalopungua angemaliza na kama 624,000. Alinitazama, akatazama karatasi, akauliza, "Sasa mwanangu, nawahi ili iweje?" Sikuwa na jibu. Akarudisha bahasha kwenye mkoba, akaendelea kulipa kila mwezi hadi mwisho.

Halafu kuna makato ya mwanzoni: ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo, wakati mwingine gharama za kusajili dhamana. Yakifika asilimia 3, unaondoka na 1,164,000 huku riba ikihesabiwa kwa 1,200,000 kamili. Yajumlishe kabla ya kulinganisha, maana kuna benki inashusha riba ya kwenye bango kisha inaifidia hapa.

Umeuliza pia kwa nini afisa anang'ang'ania upitishie mshahara kwao na uchukue kadi. Usimchukie, ana malengo ya mwezi na bosi anayeyahesabu kila Ijumaa. Kwa benki, hela iliyolala kwenye akaunti ya kawaida ni mali ghafi ya bei rahisi: wewe unalipwa riba kiduchu au hulipwi kabisa, wao wanaikopesha kwa riba kamili. Na mteja mwenye mshahara, kadi, mkopo na akaunti ya watoto mahali pamoja hahami hata akiudhiwa, maana kuhama ni kazi ya wiki nzima. Huo ndio mkakati wenyewe, na si haramu. Unaharibika malengo yakizidi kipimo. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ililenga kila kaya iwe na bidhaa nane za benki. Mwaka 2016 ikapigwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi walikuwa wakiwafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Sisi hatukufika huko, lakini presha ya Ijumaa naijua.

Kuhamisha mshahara kunaweza kukufaa kama wanakupunguzia riba kwa sababu hiyo na punguzo limeandikwa kwenye barua ya mkopo. Likiwa la mdomo tu, lisahau. Kadi kataa kama huihitaji. Ukisema hapana mara mbili kwa upole, fomu inarudi kwenye droo.

Kesho nenda benki zote mbili, usiulize asilimia. Omba jedwali la marejesho, lile lenye safu ya mtaji (sehemu ya rejesho inayopunguza mkopo wenyewe), safu ya riba na deni linalobaki kila mwezi, pamoja na kiasi kitakachoingia kwenye akaunti baada ya makato. Uliza pia utadaiwa ngapi ukimaliza mwezi wa sita wa mkopo. Anayekuambia jedwali hutolewa baada ya kusaini, mwache hapo hapo. Ukizipata karatasi, futa jina na namba ya akaunti, uziweke hapa. Nikitoka kazini jioni nitazipitia mstari kwa mstari.