Kabla ya kujenga bwalo jipya

Mwalimu, umeuliza kama bwalo jipya litawasaidia watoto wa madarasa ya chini, ambao muda wao wa githeri huishia kwenye foleni. Kwa maoni yangu, shughulikieni foleni kwanza. Mwaka 2013, shule za umma za San Francisco, Marekani, pamoja na kampuni ya usanifu ya IDEO, zilipendekeza wanafunzi wadogo wakae kwenye meza za pamoja na kuletewa chakula papo hapo, ilhali wakubwa wakichukue kwenye vigari. Kwenu, wapakuzi wawili wenye sufuria mbili, na mtungi wa kunawia ukiwekwa mbali na mlango, wangetosha kwa kuanzia. Benchi nazo zipunguzwe urefu wa miguu, kwani mtoto anayening'inia hula vibaya (na humwaga).