Narudia The Vampire Diaries msimu wa kwanza: maswali yenu na majibu yangu

Tangu niseme nimeanza kuirudia The Vampire Diaries, ile tamthilia ya Marekani ya Elena, binti wa sekondari wa mji wa Mystic Falls, Virginia, na ndugu wawili vampaya wanaompenda, Stefan na Damon Salvatore, maswali hayaishi, kwa hiyo leo nayajibu kwa mkupuo. Najibu ya msimu wa kwanza tu, zile episodi 22 zilizorushwa Marekani kuanzia Septemba 2009 mpaka Mei 2010. Kama hujawahi kuiangalia hata mara moja ishia hapa hapa, maana nataja nani anakufa na nani kamuua.

Dada, nataka kurudia msimu wa kwanza ila wanasema zile tano za mwanzo zinaboa. Nikianzia ya sita si sawa tu?

Si sawa. Na hili nimeshaulizwa mara nyingi mpaka nimechoka, kila wiki kuna mtu anataka kuruka.

Ukianzia ya sita unamkuta Vicki Donovan anageuzwa vampaya, wewe unamwona ni msichana fulani tu anayesumbua watu, episodi ya saba anachomwa kigingi unasema haya twende mbele. Lakini aliyeanza mwanzo anamjua Vicki. Anajua ni dada yake Matt, mpenzi wa zamani wa Elena, anahudumia wateja pale mgahawani Mystic Grill, nyumbani mama hayupo wanajilea wenyewe, Tyler, mtoto wa Meya, anamtaka gizani ila mchana hataki kuonekana naye, na mtu anayempenda kwa moyo mmoja ni Jeremy, mdogo wake Elena, ambaye kiumri ni mdogo kwa Vicki na mwenyewe amezama kwenye madawa tangu wazazi wake wafe gari lilipotumbukia mtoni. Vicki huyo ndo Damon anamnywesha damu yake, wanacheza muziki, wanacheka, halafu anamvunja shingo. Kwa nini? Kwa sababu siku hiyo alikuwa hana cha kufanya, basi. Kama hukukaa na Vicki episodi tano huwezi kuelewa uzito wa kitu hicho, na msimu mzima umejengwa juu ya uzito huo.

Halafu sheria nyingi za mchezo zimewekwa huko huko mwanzo. Vampaya haingii nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe, ukivaa au ukinywa verveini, mmea unaowadhuru vampaya, hawezi kukupumbaza kwa macho, pete ya jiwe la bluu ndo inayomruhusu kutembea juani, na ili ugeuke lazima ufe ukiwa na damu ya vampaya mwilini kisha uamke unywe damu ya binadamu, usipokunywa unakufa kabisa. Wanaoniuliza "kwani kwa nini hakuingia ndani tu akammaliza" wote ni wale walioruka. Kaa chini, angalia kuanzia ya kwanza, ni kama saa tatu na nusu tu za maisha yako.

Na kama ukiangalia ya kwanza ukaona mji kama umebadilika kuanzia ya pili, hujakosea, ya kwanza ilipigwa Vancouver na zilizofuata zikahamia Covington, Georgia.

Hii si kopi ya Twilight?

Hapana. Vitabu vya L. J. Smith vilianza kutoka 1991, Twilight ilitoka 2005.

Wewe ni timu Damon au timu Stefan? Usikwepe!

Sikwepi, nimekataa kuchagua timu, na nitasema kwa nini halafu naomba hili swali lisirudi tena.

Mnaporudia msimu huu mnawaangalia hao ndugu wawili tu, macho ya Ian Somerhalder, nywele za Paul Wesley, nani kamwangalia Elena vipi. Mimi safari hii nimeamua kumwangalia Caroline Forbes, rafiki yake Elena. Anakutana na Damon mwisho wa episodi ya kwanza, ya pili anaumwa shingoni, ya tatu anavaa skafu kuficha majeraha na Damon anamtuma kama kijakazi, akiuliza kitu anaangaliwa machoni anasahau. Ya nne kwenye sherehe ya waasisi wa mji Elena anayaona yale majeraha, anamuuliza nani kakufanya hivi, na Caroline hata maelezo hana maana kichwa chake si chake tena. Usiku huo huo Damon anataka kummaliza kabisa, kilichomuokoa ni verveini ambayo Stefan alishamtilia kwenye kinywaji bila yeye kujua, yaani hata ndugu mwema naye alimtumia kama chambo! Ya tano Damon kafungiwa chini ya nyumba, anamwita Caroline akilini, binti wa watu anaenda kumfungulia bila kujua anachofanya, Damon anatoka, naye Zach, ambaye ni damu yao wenyewe, anauawa hapo hapo.

Ni msichana wa sekondari anayefanywa hivyo na mtu mzima aliyemchukulia akili yake. Halafu mtu ananiandikia "Damon alikuwa anampenda Katherine ndo maana, alikuwa na maumivu". Katherine ndiye vampaya waliyempenda ndugu wote wawili mwaka 1864, lakini kila mtu mle ndani ana maumivu. Matt ana maumivu na hajamuuma mtu.

Sisemi Damon hajaandikwa vizuri, ameandikwa vizuri sana, na ile densi yake na Elena episodi ya 19 bila kugusana mikono hata mimi nilishika pumzi. Ila ukimpenda mpende ukiwa umeyaona yote, usimpende kwa vipande vya dakika moja vilivyowekewa muziki. Na kwa mabinti wanaosoma hapa, mwanaume anayekufanya usahau alichokufanyia jana huwezi kumponya kwa kumvumilia, mkimbie.

Caroline mwenyewe kumbukumbu zinamrudia msimu wa pili. Fika huko ndo tuongee timu.

Kwa nini Stefan anapigwa na Damon kila wakigombana na wote ni vampaya wa mwaka mmoja, 1864?

Damu. Stefan anakunywa ya wanyama, Damon ya watu, ya watu inatia nguvu zaidi. Hata kupumbaza Stefan hawezi vizuri kwa sababu hiyo. Na akionja ya watu hawezi kuacha, ndo episodi ya 19 hiyo unamwona anamshambulia msichana wa watu wakati wa mashindano ya Miss Mystic Falls.

Sikuelewa lile kaburi. Katherine alikuwemo au hakuwemo, na kama hakuwemo kwa nini walihangaika hivyo?

Hakuwemo, hakuwahi kuwemo. Mwaka 1864 waasisi wa mji waliwakusanya vampaya 27 wawachome moto kanisani, mchawi Emily Bennett akawafungia kwenye kaburi lililoko chini ya kanisa wasiungue, na Damon akaishi miaka 145 akiamini mpenzi wake yumo. Episodi ya 14 linafunguliwa, anatafuta kila kona, hayumo. Katherine alikuwa nje muda wote na hakuwahi kumtafuta.

Sasa wote mnakumbuka sura ya Damon pale. Nawauliza mimi, nani alilifungua? Bonnie, rafiki yake Elena, na bibi yake Sheila, wachawi wa uzao wa Emily, ambao hawakuwa na shida yoyote na hao vampaya. Waliunguza nguvu zao zote kushikilia ule mlango ili Elena na Stefan watoke, bibi akarudi nyumbani akapanda kitandani akafa usiku ule. Kabla ya hapo, episodi ya tisa, Damon alishamuuma Bonnie shingoni karibu afe kwa sababu Emily aliivunja ile hirizi iliyohitajika kulifungua kaburi akiwa ndani ya mwili wa Bonnie. Bonnie anatoa damu, anatoa bibi, na kesho yake stori inarudi kwa Elena na wapenzi wake.

Na kuna jambo nimeliona vizuri zaidi safari hii, sitalinyamazia. Emily ni mwanamke mweusi Virginia mwaka 1864, anamtumikia Katherine, na tamthilia inamwita kijakazi inapita. Huo ni mwaka wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Virginia ilikuwa upande uliopigania utumwa uendelee, Damon mwenyewe alikuwa askari wa upande huo kabla hajaacha jeshi, na kwenye sini zote za zamani tunapewa magauni na michezo ya bustanini, neno utumwa halipati nafasi. Napenda huu msimu kwa moyo wote na bado nasema hapo waandishi walikimbia. Kama wewe uliona Bonnie ana hasira tu zisizoeleweka mwishoni, rudi uangalie tena ukiwa na hili kichwani.

Episodi ya mwisho Meya anaanguka kile kifaa cha kuwaangusha vampaya kinapowashwa wakati si vampaya. Ni kosa la waandishi?

Si kosa, subiri msimu wa pili. Wenzako msimjibu!

Nani alimkata John, baba mdogo wake Elena, vidole, ni Elena?

Ni Katherine. Sura ni moja, zote mbili anazicheza Nina Dobrev. Rudia dakika kumi za mwisho taratibu, angalia nguo na nywele, utamjua tangu pale barazani na Damon.

Mdogo wangu ana miaka 12 anataka tuangalie wote. Inamfaa?

Kwa miaka 12 mimi ningesubiri, na damu si sababu kubwa. Watoto wa sekondari wanalewa hovyo, Jeremy anatumia vidonge na bangi tangu episodi ya kwanza, na kuna haya mambo ya Caroline niliyoyasema. Kubwa zaidi ni mwisho wa episodi ya 22. Anna, msichana vampaya aliyependana na Jeremy, ameuawa, Jeremy anakunywa damu aliyomwachia, halafu anameza vidonge vya dada yake afe ili aamke vampaya bila kusikia uchungu. Imepigwa kwa utulivu na muziki laini, mtoto aliyefiwa au mwenye huzuni anaweza kuiona ni njia ya kupumzika. Akiwa mkubwa kidogo kaa naye, ikifika hapo simamisha muongee, mwambie kinachomsumbua anaweza kukuambia wewe. Usimwachie simu aangalie peke yake usiku.

Nisome vitabu kwanza au niendelee tu?

Endelea. Vitabu ni kitu kingine kabisa, Elena ana nywele za dhahabu, mji unaitwa Fell's Church, hakuna Jeremy ila kuna mdogo wa kike, na kina Salvatore wametoka Italia ya karne nyingi zilizopita. Kevin Williamson na Julie Plec walichukua mifupa wakaivisha nyama yao. Soma baadaye ukipenda, ila usije hapa kulalamika kwamba "wameharibu".

Na onyo kwa wote: msitafute majina ya wahusika mtandaoni kabla hamjamaliza misimu minane. Ukiandika jina moja tu kwenye simu inakuletea alivyokufa, nani kamuoa na amezaa na nani.

Nina nafasi ya episodi moja tu wikiendi hii, nirudie ipi?

Ya saba, "Haunted". Wengi mtasema ya mwisho au ile densi, mimi nasema ya saba kwa ajili ya dakika zake za mwisho. Vicki ameshachomwa, Jeremy amemwona anavyokufa na yuko chumbani analia, alishazika wazazi na sasa hili. Elena anashindwa kuvumilia, anamwomba Stefan amfutie mdogo wake kumbukumbu, Stefan anasema hawezi kuifanya sawasawa, basi anajitolea Damon, yule yule aliyemgeuza Vicki. Na Elena anakubali! Huyu ndo stelingi wetu, binti mwema, anamruhusu muuaji aingie kichwani mwa mdogo wake, kitu kile kile alichofanyiwa Caroline, safari hii kwa upendo. Zamani niliangalia nikaona amemsaidia. Sasa nina wadogo zangu niliowalea na siwezi kuiangalia bila tumbo kukaza.

Jeremy anaamka anaamini Vicki ameondoka mjini. Matt naye anaamini hivyo hivyo, anamsubiri dada yake arudi, mpaka episodi ya 17 Caroline anapokutana na maiti msituni siku ya ile mvua kubwa. Jeremy anaanza kuunganisha mambo, na mwisho ukweli anausoma kwenye dayari ya Elena.